Jina Nililompa Fatu

Kambi ya Karanga, Nachingwea
Jumapili, baada ya adhuhuri

Kwa dada yangu Somoe binti Saidi, Nambilanje.

Salamu nyingi kwako, dada uliyenibeba mgongoni kabla sijajua kwamba nina miguu yangu mwenyewe. Mimi ni mzima, kifua bado kipana, meno yote yapo. Wewe je, kiuno kimeacha kukusumbua? Mama anakula vizuri? Na Hadija, mwanao, anatembea sasa bila kushika ukuta? Nijibu kwanza hilo la Hadija, mengine baadaye.

Mwalimu Bakari, wewe unayetusomea barua hapo kijijini, shikamoo. Leo nina ombi. Barua zangu huwa unazisoma barazani kwa dada, watu wamejaa, wanacheka, kisha wanakwenda zao. Hii isome mara mbili. Mara ya kwanza msomee dada peke yake, ndani. Mara ya pili nitakuambia wapi, huko mbele. Na usiruke neno hata moja, hata likikuunguza mdomo. Mwandiko wangu unaujua, shule niliishia darasa la pili, herufi nyingine nimezizoa jeshini.

Dada, huku mambo ni makubwa. Ungeliona tingatinga la kufyekea mashamba ya karanga linavyousukuma mti wa babu na babu mpaka mizizi inaangalia mbinguni, ungekimbia bila kanga. Juzi nimekula samaki wa kopo, sahani moja na Mngoni, Mnyasa na Mmakonde wa ng'ambo ya Ruvuma, na aliyemaliza wa kwanza ni mimi. Mimi niliyefika Bama vitani nikasikia bunduki za Mjapani, nakuambia hata Bama sikuona mashine nyingi namna hii. Na kazi yangu unaijua, nimeisifu mpaka masikio yenu yameota sugu: kofia, kaptura ya kaki, bomba mgongoni, nazunguka kambi nzima namwaga mafuta kwenye mitaro na madimbwi ili watoto wa mbu wafe kabla hawajaota mbawa. Hata Mzungu akiniona na bomba ananipisha njia. Ninyi hapo mkaniita Bwana Dawa, na mimi sikukataa. Kusema kweli niliona ni jina dogo.

Naona ninazunguka. Barua hii nimeianza mara tatu, na mara zote tatu nimeishia kwenye tingatinga. Ngoja niingie.

Barua yako niliipata Alhamisi kwa mkono wa dereva wa lori. Nikaifungua mbele ya wenzangu ninaolala nao, nikaisoma kwa sauti, kwa kuwa nilijua utanisifu na nilitaka wasikie. Ulinisifu. Kisha ukasema kisima chetu bado kinanuka, sasa mnachota dimbwi la bondeni, lile wanalogaagaa nguruwe. Watoto wameharisha damu. Hadija alibaki macho tu. Wanaume sita wakamfunga kitandani, wakapokezana kumbeba siku mbili mpaka dispensari ya Ruangwa, akapata dawa, akapona. Alhamdulillahi. Halafu ukaandika, tena kwa mstari mmoja tu, kama mtu anayetaja mvua ya jana: "Mtoto wa Mpika Kisima yeye alifia njiani upande wa Likunja. Baba yake alimbeba peke yake mgongoni, watu walikataa kushika kitanda chao." Na mwisho: "Bwana Dawa, njoo na dawa yako utusafishie alichokiharibu yule mwanamke."

Yule Mnyasa akacheka. "Mpika Kisima! Nani kampa mtu jina kama hilo?"

Nikakunja karatasi. Nikasema, "Sijui. Watu tu."

Dada, kaa chini kama umesimama. Jina hilo nilimpa mimi, na hilo unalijua. Usilolijua ni hili: kisima nilikiharibu mimi.

Nilipokuja likizo nilikuja na chupa. Mliniona na sabuni na sukari na lile shati la mistari, chupa hamkuiona. Ilikuwa mafuta ya kazini, nimeyachota kwenye pipa bila kumwomba mtu. Nilitaka kuwaonyesha siku moja kazi yangu ilivyo. Siku ya kwanza ukanipa maji kwenye kata, nikaona wadudu wa mbu wanacheza humo, nikasema, "Dada, unaninywesha mbu!" Nawe ukanijibu mbele ya watu, "Kunywa, ndiyo maji yaliyokukuza. Au siku hizi umekuwa Mzungu?" Wote wakacheka. Mimi nimezoea kuchekesha, sijazoea kuchekwa. Kesho yake alfajiri, hata jogoo wako hajajitayarisha, nikaenda kisimani nikamimina chupa nzima na kukoroga kwa fimbo. Nilijisemea moyoni: jua likitoka wadudu wote wamekufa, nitawaita, nitasimama hapo na kofia yangu, nitawaeleza. Maneno nilikuwa nimeshayapanga.

Jua likatoka. Wadudu walikufa kweli. Na maji yakawa na utando mweusi unaong'aa, yananuka kama gari bovu. Mlipofika na mitungi yenu mkasimama. Wewe ndiye uliyeuliza, "Nani kaleta chungu cha jikoni hapa?"

Maana sisi sote tumelelewa hivyo. Chungu kilichokaa motoni hakigusi maji ya kisima, masizi yanakimbiza maji. Na yule mama mfupi, mke wa Hamisi Mtumbo, akadakia: "Fatu! Jana jioni nimemwona kwa macho yangu haya, anachotea chungu."

Fatu alikuwa hapo hapo, mtoto yuko mgongoni, chungu mkononi, amekuja kuomba achotewe. Hakukana. Alisema, nayakumbuka maneno yake kama sala: "Dada zangu, ni mara moja tu. Kibuyu kimepasuka, mtoto analia kiu. Chungu nilikisugua kwa mchanga mpaka mkono ukauma. Na mafuta haya ningeyatoa wapi mimi? Hata ya kutia kwenye mboga sina."

Wewe ukasema, "Kwenu Chiola ndivyo mnavyofanya?"

Mtu aliyeletwa na mumewe, hana mama hapo wala mjomba wa kumsemea. Mumewe Athumani alikuwa shamba. Basi mkanigeukia mimi. Mwalimu, ulikuwepo, ni wewe uliyesema, "Tumuulize Bwana Dawa, yeye amesoma mambo ya maji." Wote wananitazama. Nilikuwa nimetia mikono mifukoni kwa sababu vidole vilikuwa bado vinanuka. Mlango ulikuwa wazi kabisa, dada. Ilikuwa kusema neno moja tu: ni mimi. Mngenigombeza, mngenicheka mwezi mzima, tungekisafisha kisima kwa siku mbili, basi.

Nikasema, "Msimlaumu mwenzenu. Alitaka kutupikia kisima kizima, tule ugali kabla ya kufika nyumbani!"

Mlicheka mpaka mke wa Hamisi akashika mti. Wewe ukamnyang'anya Fatu chungu chake, ukakipiga chini. Mpaka jioni watoto walikuwa wanaimba Mpika Kisima, Mpika Kisima, wanapita mlangoni kwake. Nami nikafurahi. Usinifiche uso, nasema kweli: nilifurahi kwamba neno langu limeshika. Kesho yake nikashika njia kurudi Nachingwea.

Nikiwa huku sikukiwaza kisima. Nilidhani mafuta yatakwisha yenyewe, kama yanavyokwisha kwenye mitaro. Mpaka Alhamisi hiyo.

Ijumaa nikamfuata nyapara wetu, Mzee Chilumba, mtu wa Songea, mkubwa kwangu kwa umri na kwa akili. Nikamwambia, "Mzee, nina rafiki yangu mmoja wa Masasi. Amemwaga mafuta yetu kwenye kisima cha kunywa. Afanye nini?"

Akanitazama kuanzia kofia mpaka viatu. "Huyo rafiki yako amevaa kofia kama yako?"

Nikaivua kofia nikaishika mkononi.

"Siku tuliyofundishwa hapa chini ya bendera, rafiki yako hakuwepo? Mafuta ni ya maji ya kukanyagwa. Ya kunywa unayafunika, unayalinda, unayachemsha. Si yalisemwa hayo?"

Nilikuwepo, dada. Nilikuwa nyuma, namuigiza Bwana Afya anavyotembea na tumbo lake, wenzangu wanajiziba midomo wasicheke. Nikamwambia hivyo.

Akauliza, "Kuna aliyekufa?"

"Mtoto mmoja."

"Anaitwa nani?"

Mama yake nilimpa jina. La mtoto silijui. Nilimwona mgongoni kwa mama yake, ana shanga moja ya buluu shingoni, ananiangalia kwa sababu ya kofia. Sijui hata kama alikuwa mvulana au msichana. Nikamsomea barua yako yote. Mzee Chilumba hakunitukana. Alikaa akichora mchanga kwa kijiti, kisha akasema, "Hadija wenu alibebwa na wanaume sita. Huyu alibebwa na mmoja. Mafuta hayakumnyima watu watano." Akaondoka.

Maneno hayo nimeyalalia na kuyaamkia. Mafuta yalifanya maji yanuke. Uliomnyima mabega ya wale watu watano ni ulimi wangu. Kutoka kwetu mpaka dispensari ni siku mbili kwa watu wenye nguvu, nani asiyejua? Mtu mmoja na mtoto mgongoni, anapumzika, anatafuta maji ya kumnywesha na maji yenyewe ndiyo hayo hayo, atafika lini?

Sasa sikilizeni ya kufanya, haya si yangu, ni ya Mzee Chilumba, jana nilimfuata tena akanieleza. Kisima kikaushwe chote, mtoe maji yote mpaka tope, myamwage mbali upande wa chini. Mkwangue udongo wa pembeni kwa jembe, utupwe. Kikijaa tena mkaushe tena, mpaka kisinuke. Utando ukibaki juu, mlaze majani makavu yaunyonye, mchome majani hayo. Na maji ya bondeni msiyanywe mpaka yamechemka yakaruka, hata kama kuni ni mbali, hata kama mzee atalalamika kwamba hayana ladha. Wafukuzeni nguruwe, lizungushieni dimbwi miiba. Msiningoje mimi kuyaanza.

Lakini nakuja. Nilikwenda kwa mkubwa wa kazi nikasema habari ya chupa. Kofia imechukuliwa na bomba limepewa yule Mnyasa. Mimi sasa nachimba mtaro ule ule niliokuwa naumwagia mafuta, na Mnyasa akipita ananiambia, "Pisha, Bwana Dawa." Nastahili. Nimepewa siku sita kuanzia Jumatano, si hii inayokuja, ile ya pili. Lori litanishusha Ruangwa, halafu miguu. Nitapita njia aliyopita Athumani, na nitauliza watu wa upande wa Likunja pale alipopumzika mara ya mwisho.

Mwalimu Bakari, mara ya pili isome kisimani, asubuhi, wakati mitungi imejaa. Kabla ya hapo nenda wewe mwenyewe, na dada yangu, mpaka kwa Athumani. Mpige hodi, msimame nje, mmwombe Fatu aje asikie. Akikataa, msimlazimishe, isomeni mlangoni kwake kwa sauti, halafu mwende kisimani. Usiseme "kuna makosa yalitokea". Sema jina langu lote na jina la baba yangu.

Dada Somoe, chungu ulikivunja wewe, lakini mkono uliokiinua ulikuwa wangu. Usijitese peke yako. Ila nenda. Wewe ni mkubwa hapo, ukienda na wengine watakwenda. Kanga niliyokuahidi sikununua. Nimenunua ndoo ya bati na kamba, dereva ataifikisha Ruangwa na barua hii, mtu wa kwetu ataileta. Ni ya Fatu. Si ya kulipia mtoto, mtoto halipiwi kwa bati. Ni kwa sababu kibuyu chake kilipasuka na chungu chake mlikivunja, na tangu siku hiyo sijui anachotea nini. Akiitupa, mwacheni aitupe. Msiiokote.

Na kitu kimoja nijibu kwa dereva huyo huyo, kabla sijaondoka huku. Yule mtoto aliitwa nani? Sitaki kufika mlangoni kwa mama yake sijui jina lake.

Nisalimie mama, mwambie mwanawe aliyefika Bama anaogopa njia ya kwenda nyumbani. Msalimie shemeji yangu, baba Hadija, na wale watano aliopokezana nao kitanda. Waambie nina neno nao pia. Msalimie mjomba wetu mkubwa, ndiye mwenye ukoo, atakaa kunihukumu na mimi sitabisha. Hadija mbusu kichwani, mwambie mjomba wake safari hii haji na sukari.

Watoto wakitaka kuimba, msiwakataze kuimba. Wabadilishieni mtu tu. Jina ni zuri, nililitunga mwenyewe, na nikipita nikaitwa nitaitika.

Ni mimi ndugu yako wa tumbo moja,

Selemani bin Saidi,
Mpika Kisima.