Shangazi Anadhani Macho Yake Yanafifia

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako kwa sababu nimeshindwa kumwambia mtu yeyote hapa nyumbani. Mimi ni msichana, nimemaliza shule juzijuzi tu, na shangazi yangu, fundi wa magauni ya harusi, amenichukua nimsaidie dukani kuwaonyesha wateja picha za mitindo kwenye kompyuta yake ndogo, sasa kioo kilikuwa na alama za vidole na matone ya chai, nikataka afurahi, nikakisugua kwa kitambaa na dawa ya kusafishia madirisha, kilipokauka nikaona mabaka katikati, nikasugua tena kwa nguvu, kumbe ndiyo nabandua utando wa juu.

Nilitaka kumwambia, lakini asubuhi alifungua kompyuta, akavua miwani, akaipangusa, akaivaa tena, akasema polepole, "Mwanangu, mbona naona ukungu? Basi yaliyompata bibi yako yamenifikia." Bibi alikufa haoni. Nikageukia vitambaa, nikaanza kuvikunja. Mteja mmoja aliyekuwapo akamtania, "Fundi, usije ukanishonea mkono mgongoni!" Tukacheka wote isipokuwa yeye. Tangu hapo amekataa kazi ya gauni la shanga, na jana nimemsikia akimwambia fundi mwenzake aje aiangalie cherehani, labda atainunua. Je, kuna dawa ya kurudisha utando kabla hajajua? Nimeambiwa dawa ya meno inafaa.

Mimi, Mwenye Haya

JIBU

Pole, mwanangu. Kuharibu kitu kwa nia njema kunasameheka. Ila kumwacha shangazi yako ayalilie macho yake kwa kosa la kitambaa chako, hapo nakukemea.

Kwanza, weka chini hiyo dawa ya meno! Utando ukishabanduka haurudi, na ukizidi kusugua baka litazidi kupanuka. Zima kompyuta, lowesha kitambaa laini kwa maji, kikamue sana, pitisha taratibu bila kukandamiza. Kitakachotoka ni uchafu. Kitakachobaki ndicho kilichoharibika, na hicho ni cha kumpelekea fundi wa kompyuta, aseme kama kioo kibadilishwe au mkivumilie.

Najua haya zinakufunga mdomo, hata mimi nilipokuwa na umri wako nilikuwa naongea na ukuta. Basi anza bila maneno. Tafuta picha ya gauni moja, mwonyeshe kwenye simu, kisha mwonyeshe picha hiyohiyo kwenye kompyuta. Akiuona ukungu kwenye kompyuta tu, mwambie, "Shangazi, ni kioo. Nilikisugua mimi." Hayo tu yanatosha.

Atafoka. Mwache afoke, usijitetee, usikimbilie chumbani. Aliyekwisha kujiona kipofu ana mengi ya kutoa kifuani. Akitulia, mwombe mwende pamoja akapimwe macho, maana hofu ya kupofuka kama bibi yako haikuanzia kwenye kompyuta, na kwa daktari atahitaji mtu wa kumshika mkono.

Usingoje kesho. Mwambie leo, kabla huyo fundi mwenzake hajaja kuibeba cherehani.