Dani, Mtoto Amefika Kabla Dunia Haijapoa

Dani, bibi yangu mpendwa,

Kwanza acha nicheke. Nimekumbuka siku ile pale Sindo ulipoiombea dunia nzima, mvua ikalowesha omena, dagaa wetu wa kuuza.

Ulikuwa na desturi yako. Taarifa ya habari ya saa saba ikianza redioni, uliketi kando ya nyavu za kuanikia, ukajifunga kitambaa vizuri kichwani. Msomaji akitaja vita, ulisema, "Nyasaye, hao ni wako." Akitaja mafuriko au njaa: "Na hao pia, Nyasaye." Ulimkabidhi Mungu nchi nyingi ambazo wewe mwenyewe hukujua ziko upande gani. Kisha ulizima redio, ukarudi kugeuza omena ukiimba, na sauti yako, nisamehe bibi yangu, haikuwa ya kwaya.

Siku hiyo habari zilikuwa ndefu na mbaya. Ulifumba macho, nami nikafumba yangu, mvua ikaja kutoka ziwani ikatukuta tukiomba. Tulipokurupuka kukunja nyavu, omena yote ilikuwa imelowa chapachapa, ya kuuziwa wenye kuku tu. Nilidhani utalia. Uliinua uso ukasema, "Baba, mimi nashughulikia watoto wako, na wewe unanimwagia maji?" Ukacheka mpaka ukakaa kwenye matope. Nilikupenda sana siku hiyo.

Mimi sikurithi moyo huo. Nilipoolewa huku Migori nilianza kuamka na simu mkononi, nikisoma mabaya ya dunia kabla hata sijasali. Kifua kilinibana, nikawa nashona nguo za watu kombo kwenye cherehani. Mume wangu Ochieng' akitaja mtoto, nilimjibu kwamba siwezi kuleta mtu katika dunia kama hii. Alivumilia miaka. Halafu asubuhi moja akaniuliza, taratibu tu, "Kwani tungoje dunia ipoe ndio tuzae?"

Nilimkasirikia, nikarudi kwenye cherehani yangu. Jumapili hiyo niliwaeleza akina mama wa kanisa letu. Niliogopa watanihubiria. Hawakunihubiria. Walinishika mikono, wakaanza kuwaombea wagonjwa, wafiwa, na nchi zenye vita, na nikasikia mdomo wangu ukisema, "Na mimi pia, Nyasaye." Dani, miaka yote hiyo nilibeba shida za watu wote na sikuwahi kujitaja mwenyewe. Nililia, kisha nikacheza wimbo wa mwisho mpaka kiatu kikakatika.

Hofu haikuisha siku hiyo, nisikudanganye. Mpaka leo kuna asubuhi kifua hunibana. Lakini niliacha kungoja.

Sasa sikia habari yenyewe: nimejifungua! Msichana, na ana mapafu. Wiki iliyopita alilia mchana kutwa, na mama mkwe, unazijua mila zetu, akasema kuna marehemu anayetaka jina. Akaanza kuwataja wazee wa ukoo mmoja mmoja, ili mtoto anyamaze akisikia jina lake. Wapi! Nikajaribu lako: "Akeyo." Akalia zaidi.

"Basi si huyo," mama mkwe akasema.

"Mama, ndiye kabisa," nikamwambia. "Hata akiwa hai hakuna mtu aliwahi kumnyamazisha."

Tukacheka wote, Ochieng' akashika ukuta. Nikamnyonyesha, akatulia. Jina likabaki hilo hilo lako, Akeyo.

Ninapokuandikia amelala kifuani pangu, kile kifua kilichokuwa kikinibana, na mate yake yamelowesha blauzi yangu. Dunia haijapoa, Dani. Yeye ameshafika, na mimi nina furaha ambayo sijui niiweke wapi.

Lala salama kwa Bwana mpaka atukutanishe.

Ni mimi mjukuu wako,
Mama Akeyo