Mtumbwi Haukuwa na Kosa

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Goti limepungua uvimbe? Na Bibi bado anakataa uji usiotiwa ndimu? Sisi huku Basotu tu wazima, ila baridi inatutesa. Asubuhi nyingine mlima Hanang hauonekani kabisa kwa ukungu. Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu jambo hili siwezi kulisema huku nakusikia umenyamaza.

Mkweo anaunda mitumbwi, kuuza ni kazi yangu. Wanunuzi wa huku si kama wa kwetu Ukerewe. Wengi wanavua perege wakiwa wamesimama majini hadi kiunoni, na viboko wapo. Nilizunguka na picha kwenye simu mpaka mnadani Endasak. Mtu mmoja akaniuliza kama ni hori la kunyweshea ng'ombe. Wanatazama, wanasifu, wanaondoka.

Basi tukaita watu ziwani waje waone mtumbwi ukielea. Akaja Mzee Gidahuda, mfugaji ambaye wajukuu wake wanavua. Aliuzunguka, akaugongagonga kwa fimbo.

"Mwanangu, ukipinduka mtu anatokaje?"

"Haupinduki, mzee."

"Lakini ukipinduka?"

Aliporudia tena, uvumilivu ukaniisha. Nikasema kwa sauti, wote wasikie: "Kama unaogopa maji namna hii, rudi kwa ng'ombe wako!"

Watu wakacheka. Yeye alitengeneza shuka yake begani. Mimi nikajiona hodari.

Nikapanda na mume wangu kuwaonyesha. Hatujafika mbali, kiboko akaibuka upande wa pili kule, akapumua. Mama, mimi niliyezaliwa kisiwani nilipiga kelele nikasimama mtumbwini, jambo ulilotukataza tangu tunajifunza kutembea. Tukapinduka. Kitenge kikanizonga miguu. Mume wangu alipojaribu kunishika nikampanda mabegani, nikawa namzamisha.

Nikasikia, "Shika! Shika fimbo, mwanangu!" Alikuwa Mzee Gidahuda, maji yamemfika kifuani. Alituvuta mpaka miguu yetu ikagusa tope. Kisha akatoka majini haraka, bila kugeuka nyuma.

Jirani yetu Mama Paskalina, yule niliyekwambia ametokea kijiji cha Daudi, alinifunika kitenge kikavu. Akaninong'oneza, "Hukujua? Mdogo wake alimfuata ndama humuhumu ziwani, hakutoka. Tangu hapo mzee hajawahi kugusa maji haya."

Nilitamani ningebaki huko chini.

Kesho yake tulikwenda kwake. Nilimwamkia nimepiga magoti, nikasema, "Mzee, nilikuvunjia heshima mbele ya watu. Nisamehe."

"Yameisha," akasema. "Mpeni maziwa, bado ana baridi."

Nikayapokea kwa mikono miwili. Mume wangu akamwambia achukue mtumbwi bure. Akakataa. "Wajukuu wangu watavua ukingoni. Mimi bado naogopa." Alilisema hilo waziwazi, bila kuona haya, na haya yote ikabaki kwangu.

Tulijua biashara imekufa. Lakini wakaja ndugu wawili kutoka vijiji vya huko juu mlimani, wakanunua, kisha jirani yao naye akaagiza. Nikawauliza wametuaminije, na kila mtu aliona tulivyoanguka.

"Mzee Gidahuda ametuambia mtumbwi haukuwa na kosa," wakasema. "Kuna mtu alisimama. Ametuambia sisi tukae chini."

Hakunitaja jina, Mama. Sasa mkweo anashinda kazini huku anaimba, na kila anayekuja anasema ametumwa na mzee yuleyule. Nikimwona njiani natamani kukata kona. Kabla sijafungua mdomo kumwamkia, yeye ameshaniuliza, "Mwanangu, hujambo? Kifua kimepona?"

Nisalimie Bibi, mama mdogo Regina pamoja na mtoto wake mchanga, na kaka yangu Musa akirudi kutoka kuvua. Mjomba Kaitira, aliyemfundisha mkweo kuunda mitumbwi, mpe salamu nyingi sana, ila nakuomba usimwambie kwamba nilisimama.

Ni mimi mwanao,
Tabu