Nusu ya Mama Mdogo

Mama yangu kipenzi,

Mola akurehemu huko uliko. Mimi huku nina hasira, na sijui nimkasirikie nani: wewe, mama mdogo, au mkono wangu mwenyewe.

Unazikumbuka Ijumaa zetu za Msambweni? Ukitoka kliniki na vidonge vyako vya presha, ulikuwa ukiniita, "Njoo na kisu." Navikata katikati, nafunga nusu kwenye karatasi, nampelekea mdogo wako Ukunda, maana yeye na foleni ya kliniki ni paka na maji. Nilipokuuliza ulinijibu, "Tumbo lililotuzaa ni moja, presha yetu moja, na dawa iwe moja." Nami nikakusifu kwa watu, mjinga mimi.

Kiharusi kilipokuchukua nilisema ni amri ya Mungu. Mwezi huu nimepimwa, na mimi pia ninayo presha. Muuguzi akanieleza kwamba mshipa wa damu una utando kwa ndani, mwembamba kama ule wa ganda la yai, na chembe zake hai ndizo zinazouambia mshipa ulegee damu ipite. Presha isiyotulizwa huzichubua siku baada ya siku, na mtu hasikii hata kuumwa. Nikamuuliza habari ya nusu kidonge. "Dada, hiyo inakutuliza wewe," alisema. "Presha haiitulizi."

Mama mdogo ameshasikia nimeanza dawa, na ameshaniomba nusu yake. Nikimpa, atakufuata. Nikimnyima, lazima nimwambie sababu. Wiki nzima nimemkwepa.

Leo asubuhi nimekwenda kwake Ukunda, nyuma ya Kona ya Musa. Nimemkuta akikanda unga wa mahamri, nikamweleza yote. Hakuacha kukanda. Kisha akaniuliza taratibu, "Kwa hiyo mimi nimekula uhai wa dada yangu?"

Mama, nilitaka sana kusema hapana. Nikasema, "Hatujui. Lakini mimi ndiye niliyekata."

Akanawa mikono, akavaa buibui, tukaenda kliniki. Njiani alitangulia mbele, mimi nikamfuata nyuma. Pale kwenye foleni alinishika mkono, akaukaza, kisha akauachia.

Dua zetu zikufikie, Mama. Ni za watu wawili sasa, ingawa hatuketi karibu tunapoziomba.

Bintiyo