Saksafoni na Dagaa wa Mama

Pasiansi, Mwanza

Mjukuu wangu Kulwa,

Marahaba. Huku hatujambo. Pacha wako Doto kapata binti, na sauti yake inashinda tarumbeta.

Umeniuliza, kati ya kanda zangu zote za jazi, uanze na ipi. Anza na hii niliyokutumia. Redio ya kanda utajitafutia mwenyewe.

Miaka ya tisini, redio za watu binafsi zilipoanza, nilirekodi muziki kwa kuweka kinasa sauti mbele ya redio, nyumba nzima kimya. Siku niliporekodi kanda hii, saksafoni imeanza tu kulia peke yake, mara mama yangu akapiga kelele uani: "Mvua! Dagaa wanalowa!" Tukakimbia wote kuwaanua juu ya mawe.

Kelele zake zikanaswa kandani, nami nilinuna kweli. Lakini majirani waliiazima kanda wakaizoea hivyohivyo. Hadi leo, harusini, bendi ikipiga wimbo huo na kufika pale kwenye saksafoni, ukumbi mzima unapaza sauti: "Dagaa wanalowa!" Mama alishatutoka, ila hajawahi kukosa dansi.

Albamu nyingine nunua, nzuri ni nyingi. Hii ukiwapigia wageni wako, usiwaombe radhi. Wafundishe kuitikia.

Babu yako