Kikaratasi ndani ya boksi la yaya Salima

Alhamisi, baada ya magharibi

Sijawahi kumwambia mtu: vidonge vya kuzuia mimba anavyomeza yaya Salima, dada yangu mkubwa, mimi njo nilimnunulia. Yeye aliogopa kuonekana, mume wake hajui. Mimi kwa haya zangu nilitazama chini tu, sikumwambia muuza dawa kwamba dada yangu ananyonyesha.

Leo mama mkwe wake amemgombeza tena mbele ya majirani. «Uji wa karanga kila asubuhi, majani ya sombe kila siku, na mutoto iko analia njaa! We Salima, maziwa unapelekaka wapi?»

Yaya alicheka. Halafu akaingia ndani kulia. Mtoto amekonda mpaka shanga za mkononi zinamtoka.

Nilipokuwa nafagia chumba chake nikaona lile boksi, na ndani kile kikaratasi cha Kifaransa. Siku ile nilimsomea mstari mmoja tu: kimoja kila jioni. Mengine niliona marefu. Leo nimeyasoma yote. Imeandikwa wazi kwamba anayenyonyesha asivimeze, vinaweza kupunguza maziwa.

Kupunguza maziwa! Na mwezi mzima sisi tunamlaumu yaya kwamba hali vizuri chakula anachopewa. Katika nyumba hii mimi peke yangu ninasoma Kifaransa.

Nikisema, mume wake anaweza kujua. Nisiposema, mtoto...

Kandambili za yaya hizo, anakuja, mtoto analia mgongoni. Nilikuwa nimeshainua godoro nifiche daftari hili. Hapana, nimeliacha wazi, na kikaratasi juu yake. Safari hii nitamsomea yote.