Kilele cha Upawa: Kumbukumbu za Kikao cha Saba cha Kikundi cha Sahani Salama

TAREHE: Jumamosi ya pili ya mwezi, kuanzia saa nane mchana.

MAHALI: Chumba cha nyuma cha duka la Mshonaji. Cherehani zilisogezwa ukutani, meza ya kukatia vitambaa ikafutwa chaki na kutandikwa.

WALIOHUDHURIA
1. Kinyozi – Mwenyekiti
2. Mshonaji – mjumbe, mwenyeji wa kikao
3. Wifi yake Mshonaji – Mweka Hazina
4. Muuguzi Mstaafu – mshauri
5. Muuza Nyama – mjumbe, alikuja na mizani
6. Binti wa Mshonaji, miaka kumi na minne, mwenye kisukari – mwalikwa
7. Mimi – Katibu

WASIOHUDHURIA
Dereva wa Lori – yuko safarini, ametoa taarifa.
Mzee Niko Sawa – hakutoa taarifa, kama kawaida yake. Mungu amlinde na hiyo sukari asiyotaka kuipima.

KUMB. NA. 1/7: KUFUNGUA
Muuguzi Mstaafu aliomba dua. Ilikuwa ndefu kidogo lakini ilihitajika, maana Mshonaji na wifi yake walikuwa wameketi kwenye benchi moja, kila mmoja akitazama ukuta wake.

KUMB. NA. 2/7: YATOKANAYO NA KIKAO KILICHOPITA
Ilikumbushwa kwamba kikao cha sita kiliamua upawa mmoja wa wali uliopikwa uhesabiwe kuwa mafungu mawili ya wanga, na insulini ichomwe kwa hesabu hiyo. Pawa zilinunuliwa za aina moja, kila nyumba ikapewa wake ili pasiwepo ubishi.

Ubishi umekuwepo. Mwenyekiti alieleza kwamba Binti akila kwa mama yake sukari inashuka, anatoka jasho na kutetemeka. Mwisho wa wiki akila kwa shangazi yake, yaani Mweka Hazina, inapanda mpaka kumi na tano. Upawa ni ule ule na mtoto ni yule yule.

KUMB. NA. 3/7: NAFASI YA BWENI
Mshonaji alieleza kwamba Binti amepata nafasi ya kusoma bweni. Mpishi wa shule amekubali kumpakulia kwa kipimo, ila Mwalimu Mkuu amesema hawezi kumpokea mtoto ambaye sukari yake haieleweki. Jibu linatakiwa Jumatatu. Mshonaji alisema usiku mmoja anamshona sare, usiku wa pili anaifumua, kwa sababu hajui kama itavaliwa.

Mweka Hazina aliomba kuchangia. Alisema hamsingizii mtoto wa kaka yake, ila sukari haipandi kwa upepo, na dukani kuna soda. Aliongeza kwamba mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.

Mshonaji alijibu: "Wifi, huyo mtoto akiwa kwangu sukari inashuka. Inapandia kwako. Sasa hiyo soda ipo kwenye friji la nani?"

Mweka Hazina: "Kwangu anashiba! Kwako anatetemeka kwa njaa kama kifaranga cha mvua. Kaka yangu angekuwepo nyumbani, si barabarani na lori, angeona."

Mwenyekiti aligonga meza kwa mpini wa mkasi na kusema hapa si kinyozini kwake ambako kila mtu anaongea kwa wakati mmoja. Binti alisimama bila kuruhusiwa akasema, "Shangazi, naapa sijaonja soda. Mnanigombania kama kitambaa, na mimi ndiye ninayechomwa." Ilikubaliwa asamehewe kosa la kutoomba ruhusa.

KUMB. NA. 4/7: KUPIMA
Muuza Nyama alipendekeza kwamba badala ya kupima maneno, upimwe wali. Aliweka mizani yake mezani. Mwenyekiti alimwomba kwa jina la kikundi kwamba leo kidole gumba kikae mfukoni. Muuza Nyama alisema amezoea kuonewa, akakiweka mfukoni.

Sufuria ililetwa. Kila wifi aliombwa kupakua upawa mmoja kama anavyompakulia Binti nyumbani, bila kujionyesha.

Mshonaji alipakua kwanza. Aliutikisa upawa, ukapungua, akautikisa tena. Mizani ilisoma gramu sabini. Mshauri aliuliza kwa nini anautikisa. Alijibu kwamba akiuona wali umejaa anaona kama anamwekea mwanawe sumu, mkono unatikisika wenyewe.

Mweka Hazina alifuata. Aliuchota upawa ukajaa, akaugandamiza kwa kijiko, akaongeza juu yake kilima, akakipapasa kisimwagike. Muuza Nyama alisema, "Mama, hapo unapakua au unajenga?" Mizani ilisoma gramu mia moja sitini na tano.

Wajumbe walipiga kelele. Mwenyekiti aligonga meza, naye mwenyewe akiwa amesimama.

Mweka Hazina alisema mizani imekosea. Ilipimwa tena, jibu likawa lile lile. Aliulizwa kama hakujua kwamba ameweka zaidi ya upawa mmoja. Alijibu kwa mshangao wa kweli: "Upawa ni mmoja! Hiki cha juu si cha kuhesabu. Hiki ni cha mapenzi. Mimi nimekulia nyumba ambayo mgeni akipakuliwa sahani ya kukata, isiyo na kilima, anajua hatakiwi. Nimsawazishie mtoto wa kaka yangu kama mfungwa?"

Mshauri alikikata kile kilele kwa kisu na kukipima peke yake. Kilikuwa zaidi ya nusu ya upawa mwingine. Alieleza taratibu kwamba tumbo halijui mapenzi, linajua wanga. Upawa wa mama ni fungu moja na kitu kidogo, wa shangazi ni mafungu matatu, na sindano zote mbili zilichomwa kwa mawili. "Mmoja anapakua kwa woga, mwingine anapakua kwa upendo, na wote wanasema upawa mmoja. Hakuna mwongo hapa."

Mweka Hazina alikaa. Alisema, "Kwa hiyo ni mimi niliyekuwa nampandisha." Mshonaji alimjibu, "Na mimi nilikuwa namwangusha, wifi." Katibu aliacha kuandika kidogo, hivyo yaliyosemwa hapo hayamo.

KUMB. NA. 5/7: AZIMIO
Ilijadiliwa namna ya kuukata upawa. Mwenyekiti alipendekeza kiganja, kikakataliwa kwa sababu za usafi. Mshonaji alitoa rula yake fupi ya chuma, akaichemsha, akaipitisha juu ya upawa uliojazwa bila kugandamizwa. Gramu mia moja na tano. Alirudia, mia moja na tatu. Mweka Hazina naye alipitisha rula, akafumba macho kama anayekatwa yeye. Mia moja na sita!

Iliazimiwa kwamba upawa ujazwe bila kugandamizwa wala kutikiswa, ukatwe kwa rula, na ndio uwe mafungu mawili.

KUMB. NA. 6/7: KUJARIBU
Binti alipimwa sukari, ikawa sita nukta nne. Alijipigia hesabu mwenyewe kama alivyofundishwa kliniki, Mshauri akaihakiki, akajichoma, akala upawa mmoja uliokatwa na rula pamoja na mchuzi wa nyama usiotiwa viazi. Ilikuwa saa tisa kamili.

Kikao kilisubiri saa mbili. Ajenda nyingine ziliitwa lakini hazikusikilizwa. Mwenyekiti alitazama saa ya ukutani mpaka akaambiwa akiendelea ataisimamisha. Mweka Hazina alikuwa akimpangusa Binti jasho ambalo halikuwepo.

Saa kumi na moja Binti alijidunga kidole. Alikitazama kipimo, akakigeuza kwa Mshauri. Mshauri alisoma: saba nukta nane!

Mweka Hazina alipiga vigelegele. Muuza Nyama alitoa kidole gumba mfukoni akakiinua juu. Mwenyekiti alisahau kugonga meza. Jina la Mungu litukuzwe, kikao hiki sijapata kuona mfano wake. Mshauri alitahadharisha kwamba mlo mmoja si ushindi wa vita, warudie kupima kesho na keshokutwa asubuhi na kuyapeleka majibu kliniki na shuleni. Ilikubaliwa, ingawa kwa kelele.

Mshonaji alitangaza kwamba sare haifumuliwi tena. Upawa mmoja na rula vitafungwa pamoja apelekewe mpishi wa shule.

KUMB. NA. 7/7: MENGINEYO NA KUFUNGA
Chakula kilichobaki kiligawiwa wajumbe. Mweka Hazina aliomba apakue yeye. Alimpakulia wifi yake upawa wa wali, akaupitishia rula bila kuambiwa. Kisha alivuta bakuli la matango na majani mabichi, akamrundikia sahani mpaka wali usionekane, akaongeza juu, akapapasa.

Mshonaji alisema, "Wifi, inatosha."

Mweka Hazina alijibu, "Huku rula haifiki," akaongeza tena, na akaomba hilo liandikwe. Limeandikwa.

Kikao kilifungwa saa kumi na mbili kasoro robo, kwa dua fupi na midomo imejaa.

.......................
Kinyozi, Mwenyekiti

.......................
Katibu